Mashuka ya Kamati

Kidonda kilikuwa kwenye ugoko wa kushoto, chini kidogo ya goti, na ukubwa wake haukuzidi mbegu ya papai. Mama mwingine angekipaka mafuta ya nazi akaendelea na kazi zake. Fuatino alikiona asubuhi, alipokuwa anamvisha Ianeta sketi ya shule, na sketi ikamwanguka palepale.

"Hiki kimetoka lini?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Mguu ni wako au wa jirani?"

Ianeta akacheka. Alikuwa na miaka minane na meno mawili ya mbele yalikuwa hayajaota. Alidhani mama anatania. Fuatino hakuwa anatania. Alipiga magoti juu ya mkeka akaupapasa mguu wote, kisha wa pili, akafunua mgongo, akaangalia katikati ya vidole vya mikono. Vipele vitatu kwenye kiwiko. Kingine nyuma ya sikio, kimekunwa mpaka kimetoa maji.

Mwaka uliotangulia mtoto huyu huyu alilalamika koo, siku tatu, nne, halafu koo likapoa na kila mtu akasahau. Wiki mbili baadaye magoti yakavimba kama shelisheli, akawa hawezi kusimama. Uelese, baba yake, alimbeba mgongoni mpaka barabarani, wakapanda feri kwenda mji mkuu, Apia, na huko daktari alisikiliza kifua cha mtoto muda mrefu sana. Halafu akasema moyo una milango, na mlango mmoja wa Ianeta haufungi sawasawa tena. Ilikuwa homa ile inayoingilia kooni, ikashuka kwenye viungo, ikaenda kujikita moyoni. Tangu hapo, kila baada ya wiki nne Ianeta alichomwa sindano ya paja, na angechomwa hivyo mpaka awe mtu mzima.

"Homa ikirudi mara ya pili," daktari alimwambia Fuatino, "huo mlango utalegea zaidi. Ikirudi ya tatu, tutakuwa tunaongea habari ya kupasua kifua."

Hayo ndiyo aliyokuwa anayasikia Fuatino kila akimwangalia mtoto wake. Wengine waliona msichana anaruka kamba. Yeye aliona mlango.

Asubuhi hiyo hakumpeleka shule. Alimpeleka zahanati kwa nesi Mavaega, mwanamke mfupi, mnene, ambaye watoto wote wa kijiji cha Satuilagi walimkimbia kwa sababu ya sindano zake na kumrudia kwa sababu ya pipi zake.

Mavaega alikisafisha kidonda, akakifunika, akatoa dawa. Kisha akavuta kiti.

"Sindano ni ukuta, Fuatino. Lakini mdudu asije kuugonga kila siku. Zamani tulisema homa hii ni ya koo tu. Siku hizi wakubwa zetu wanashuku hata vidonda vya ngozi. Sasa niambie, huyu analalia nini?"

"Godoro, na shuka."

"Peke yake?"

"Na wadogo zake wawili. Wengine wawili wana godoro lao."

"Akioga anajifutia nini?"

"Taulo."

"Yake?"

Nyumba ilikuwa na watu wanane na taulo tatu. Zilining'inia kwenye nguzo ya nyuma, na aliyetoka kuoga alichukua ile isiyolowa sana.

"Na hilo shuka, mara ya mwisho limefuliwa lini?"

Fuatino akafungua mdomo amjibu. Alianza kuhesabu nyuma: wiki hii hapana, iliyopita ilinyesha, ile nyingine kulikuwa na msiba kwa mchungaji. Aliendelea kuhesabu mpaka akafika kwenye ukaguzi wa kamati, na hapo ndipo akakumbuka kitu kilichomtia aibu. Siku ya ukaguzi ndiyo hasa shuka lile halikufuliwa. Lilifichwa.

Satuilagi ilikuwa na kamati ya wanawake, kama vijiji vyote vya kisiwa cha Savai'i, na kila miezi mitatu kamati ilikagua nyumba. Nyumba za huko hazina kuta, nguzo tu na paa, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Akina mama walipita na magauni yao ya sare ya bluu, daftari mkononi, wakatazama vitanda, mito, vyandarua, taulo, vyombo. Nyumba iliyopungukiwa ilitajwa jina mkutanoni na kupikia kamati nzima kakao. Hakuna aliyetaka kutajwa.

Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na mashuka meupe yenye lesi iliyofumwa kwa mkono, foronya zilizotariziwa maua, na taulo zilizotumwa na ndugu walioko ng'ambo, Auckland, zikiwa bado na karatasi ya dukani. Asubuhi ya ukaguzi mashuka yale yalitandikwa. Yale ya kulalia yalikunjwa kama furushi, yakasukumwa jikoni nyuma ya kuni. Kamati ikipita, inaandika safi kabisa, na kabla ya chakula cha mchana mashuka meupe yamerudi sandukuni na furushi limerudi kitandani. Na wiki moja kabla ya ukaguzi mwingine, mashuka meupe yalifuliwa tena, yakapigwa pasi tena, ingawa hapakuwa na mtu aliyeyatolea jasho hata tone.

Kijiji kizima kilifua mashuka yasiyolaliwa, kikalalia mashuka yasiyofuliwa. Na kilijisifu.

"Fuatino," nesi alisema, "mbona kimya?"

"Nahesabu."

"Acha kuhesabu. Shuka na foronya, kila wiki. Taulo, kila mtu yake, ikaushwe juani kila ikitumika, ifuliwe baada ya mara tatu au nne, isingoje kunuka. Mwenye kidonda, vyake vifuliwe kila siku mpaka kipone, na maji ya moto. Na huo upele nitawapa dawa nyumba nzima mpake siku moja, na siku hiyohiyo kila kitu mlicholalia kifuliwe."

"Kila wiki? Mashuka nitayatoa wapi? Nikifua hayo, watalalia nini?"

Nesi akamwangalia. Na yeye alikuwa mwanamke wa Savai'i. Alijua masanduku.

"Mimi sikusema kitu," akasema, akasimama kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Sasa, sanduku la nyumba ile halikuwa sanduku la mtu yeyote tu. Lilikuwa la Pelenatete, mama mkwe wa Fuatino, mwenyekiti wa kamati. Miaka kumi na moja mfululizo nyumba yake ilikuwa ya kwanza. Lesi alifuma mwenyewe. Fuatino alikuwa ameolewa hapo kutoka upande wa pili wa kisiwa, na mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kulishika sanduku bila kutumwa.

Jioni ile, wakimenya taro, yale magimbi ya kwao, alijaribu.

"Mama, nesi anasema watoto wapate mashuka ya kubadilisha. Nikaona tungetoa mawili tu ya sandukuni."

Pelenatete hakuinua macho. "Ya sandukuni yafanyweje?"

"Walalie."

"Walalie!" Kisu kikasimama. "Mkwe wangu, umewahi kuona mtu anajifutia makamasi bendera?"

"Hapana, mama."

"Basi. Mashuka yale ndiyo uso wa nyumba hii. Nililea watoto saba kwenye mkeka, hawakulalia lesi, na wote wana mioyo."

Fuatino aliendelea kumenya. Hakumjibu kwamba mioyo ya wale saba haikuwahi kuguswa na homa. Pelenatete alimpenda Ianeta kupita kiasi. Ni yeye aliyekesha naye Apia. Hakuona tu uhusiano wa shuka na moyo. Kwake shuka lilikuwa kitu cha kuonwa na watu.

Halafu Mungu akafungua njia. Binti wa Pelenatete huko Auckland akajifungua mapacha, na bibi akaitwa kwa wiki sita. Siku ya kuondoka, gari likiwa linapiga honi barabarani, alimkabidhi Fuatino ufunguo.

"Yaanike jua mara mbili. Kunja vilevile yalivyokunjwa. Weka maua ya mlangilangi katikati, mende wasiingie. Na Aliitasi anakaimu kiti changu, kwa hiyo chunga. Yule mwanamke ananusa makosa kama mbwa anavyonusa mfupa."

"Ndiyo, mama."

Fuatino alikaa na ufunguo siku tatu. Siku ya nne kidonda cha Ianeta kilikuwa kimepata mwenzake, kwenye kifundo cha mguu. Akafungua sanduku.

Mashuka sita. Foronya nane. Taulo kubwa nne za maua ya waridi. Akatafuta mkasi; uliokuwepo ni ule wa kukatia mapezi ya samaki. Akaunoa kwenye jiwe, akausugua kwa ndimu, akamwita mumewe ashike upande wa pili.

Uelese alitazama shuka, akatazama mkasi, akatazama barabara kama mtu anayetafuta basi.

"Fuatino. Hilo ni la mama."

"Najua ni la nani. Vuta linyooke."

"Akirudi?"

"Akirudi atanikuta."

"Atakukuta wewe. Mimi siku hiyo nitakuwa shambani kwenye taro."

"Utajuaje siku yenyewe?"

"Nitaenda kila siku," Uelese alisema. Lakini alivuta, na shuka likanyooka, na mkasi ukapita katikati ya lesi ukitoa sauti ambayo Fuatino aliisikia mpaka kwenye meno.

Mashuka matano yakawa vipande kumi. Kila mtoto viwili: kimoja anakilalia, kingine kiko kwenye maji au juani. La sita aliliacha zima, akalitandika kitanda cha Pelenatete. Taulo nne zikawa nane, moja kwa kila mtu, na pembeni ya kila moja akashona uzi wa rangi. Ianeta alichagua nyekundu. Akapigilia misumari minane kwenye nguzo, nafasi ya kiganja kati ya mmoja na mwingine ili taulo zisigusane, na watoto wakaambiwa yeyote atakayeshika taulo isiyo yake atakula taro kavu wiki nzima.

Nesi akaleta dawa ya upele. Nyumba nzima ikajipaka siku moja, hata Uelese aliyedai ngozi yake ni ya chuma, na siku hiyo Fuatino alifua kuanzia maji ya bahari yalipokupwa mpaka yalipojaa. Kisima cha kufulia cha Satuilagi kiko ufukweni; maji baridi yanabubujika kutoka chini ya mawe, lakini bahari ikijaa inakifunika. Kwa hiyo kufua ni mbio. Ya mgonjwa aliyachemsha kwanza kwenye sufuria ya kutokosea ndizi. Kisha akayatandaza yote juu ya mawe meusi ya volkano, ambayo saa sita hayakanyagiki kwa joto, na shuka likikaa pale kwa mchana mmoja linatoka linanukia jua lenyewe.

Jumatatu mashuka na foronya. Jumatatu na Alhamisi taulo. Vya Ianeta kila siku, mpaka vidonda vikauke.

Huwezi kufanya hivyo Satuilagi ukabaki salama. Wiki ya pili Aliitasi, kaimu mwenyekiti, alimkuta kisimani. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kengele.

"We Fuatino! Una wageni?"

"Hapana, dada."

"Basi nani anakojoa kitandani? Ni Uelese?"

Wanawake wote kisimani wakaangua kicheko. Fuatino naye akacheka, afanye nini.

"Uelese ameacha tangu tuoane," akajibu. "Nafua tu."

"Umefua Jumatatu, umefua Alhamisi, leo tena Jumatatu. Utayamaliza mashuka kwa kuyasugua. Nguo ina roho, ujue, ukiifua sana inakufa."

"Afadhali ife nguo."

Alilisema kwa sauti ya chini, lakini mwanamke aliyekuwa karibu naye aliacha kusugua.

Vidonda vya Ianeta vilikauka siku ya kumi na moja. Fuatino hakuamini. Kila asubuhi aliukagua mguu kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Wiki ya nne hakukuwa na kipele hata kimoja kwa watoto wote watano, na kule kujikuna kulikokuwa kunamwamsha kila mara, krr krr krr kama panya wa darini, kukaisha. Alianza kulala. Alisahau kabisa kuogopa kitu kingine.

Ndipo Aliitasi akatangaza ukaguzi. Siku: Jumatatu. Saa: mbili na nusu asubuhi. Feri itakayomrudisha Pelenatete nayo ilikuwa ya Jumatatu asubuhi.

"Amefanya makusudi," Uelese alisema. "Anataka mama afike nyumba haijatandikwa."

"Imetandikwa."

"Kwa vipande!"

"Wewe si unakwenda shambani?"

Uelese akajikuna kichwa. "Nimeghairi. Taro zinaweza kukaa zenyewe."

Jumatatu hiyo bahari ilikupwa mapema. Mwanamke mwenye akili angeacha kufua siku ya ukaguzi. Fuatino alisimama na beseni kichwani, akawaza, akaona kwamba akiacha leo kwa ajili ya kamati, ataacha na kesho kwa ajili ya mvua, na keshokutwa kwa ajili ya msiba. Akateremka kisimani. Kamati ilipoingia uani, wanawake kumi na wanne ndani ya bluu, mashuka yalikuwa juu ya mawe na magodoro yalikuwa uchi, yameegemezwa kwenye nguzo yapigwe jua.

Aliitasi alisimama mlangoni, ingawa mlango haukuwepo.

"Jamani! Hapa ni kwa mwenyekiti au nimepotea njia?"

Kabla Fuatino hajajibu, gari likasimama barabarani. Pelenatete akateremka na masanduku ya Auckland, kofia ya safari, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliona bluu yote ile uani kwake. Aliona magodoro. Hakusalimia mtu. Alinyoosha mkono.

"Ufunguo."

Fuatino akampa. Pelenatete akapiga magoti mbele ya sanduku, kamati nzima nyuma yake, akafungua. Ndani mlikuwa na maua ya mlangilangi yaliyokauka, basi.

Wanawake wa nyuma wakanyoosha shingo waone.

"Eee, mwenyekiti," Aliitasi alisema taratibu, "panya wa kwako siku hizi wanakula lesi?"

Mtu mmoja akacheka, akakatisha. Pelenatete aligeuka.

"Mkwe wangu. Mashuka yangu yako wapi?"

Fuatino alitazama chini, akaona miguu ya Ianeta imesimama kando yake, mikavu, laini, haina alama. Akainua uso.

"Yako juu ya mawe, mama. Yamefuliwa. Leo ni siku yake."

Pelenatete alitoka. Wote wakamfuata, ikawa kama maandamano. Alifika kwenye mawe, akainua kipande kimoja, akakigeuza, akaona pale mkasi ulipopita. Akaishika lesi iliyokatika kwa vidole viwili.

"Hii nilifuma miezi minne," akasema. "Nikiwa na mimba ya Uelese."

"Najua, mama."

"Umenivua nguo mbele za watu, Fuatino."

"Nisamehe, mama. Nisamehe kwa lesi. Kwa kukata siombi msamaha." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na ilipokwisha kutoka hakuweza kuirudisha. "Mtoto alikuwa na vidonda viwili. Mdudu wa vidonda akiingia, mlango wa moyo unalegea, na moyo ule sina wa akiba sandukuni. Ianeta! Njoo. Na wenzako. Pandisheni sketi, pandisheni suruali. Mambo mengine yaacheni, nyinyi akina mama, kagueni miguu!"

Watoto watano wakapanga mstari juu ya mawe, wakirukaruka kwa sababu mawe yalishaanza kuchoma. Miguu kumi. Akina mama wakainama. Mmoja akashika kiwiko cha mdogo, akatafuta nyuma ya masikio. Kila mmoja alijua miguu aliyoiacha nyumbani kwake.

"Miguu ni miguu," Aliitasi alisema. "Sisi tunakagua vitanda."

"Sawa, dada," Fuatino akamgeukia. "Twende kwako tukakague. Lakini tusiende kitandani. Twende jikoni, nyuma ya kuni."

Aliitasi akatazama upande wa nyumba yake.

Aliyejibu alikuwa bibi mmoja mzee, mkongwe wa kamati, ambaye kwa kawaida alikuja kwenye ukaguzi kupumzika. Alianza kutikisika mabega. Halafu akacheka kwa sauti, mdomo wa kibogoyo wazi.

"Ya kwangu yako chini ya kikapu cha shelisheli," akasema, "na nawaomba msiyaguse, yatawauma."

"Ya kwangu kwenye mtumbwi!" akasema mwingine.

"Mimi nimeyakalia kwenye gari la mume wangu."

"Wewe ndiyo maana tangu asubuhi unajikuna!"

Ikawa vurugu. Wanawake walishikana mabega wakicheka mpaka machozi, magauni ya sare yakipepea, na kila mmoja akitaja maficho yake kwa sauti kuliko mwenzake. Mwishowe Aliitasi mwenyewe akaketi juu ya jiwe, akaruka kwa moto wake, akasema, "Haya, haya, nyuma ya kuni. Amejuaje huyu?" Wakacheka upya.

Pelenatete peke yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Ianeta. Alipitisha kiganja kwenye ugoko wake, juu mpaka chini, taratibu, kama anavyopima kitambaa.

"Kilikuwa wapi?"

"Hapa, bibi. Na hapa. Vimekwisha."

"Taulo yako ipi?"

"Yenye uzi mwekundu. Ukiishika wewe utakula taro kavu."

Bibi akaichukua juu ya jiwe hata hivyo, akaizika pua ndani yake, akavuta pumzi. Akasimama. Aliyeshika daftari akafungua ukurasa bila kuambiwa.

"Andika," Pelenatete alisema. "Nyumba ya mwenyekiti haina mashuka ya ukaguzi. Itapika kakao kwa kamati nzima."

"Mama!" Fuatino akashtuka.

"Nyamaza, sijamaliza. Andika tena. Kuanzia leo hakuna kutangaza ukaguzi. Tutaingia asubuhi yoyote tunayotaka, tutatazama shuka lililolaliwa usiku ule, tutahesabu taulo na vichwa, na tutatazama miguu ya watoto kabla ya sufuria."

"Bila kutangaza?" Aliitasi akaruka. "Huo siyo ukaguzi, mwenyekiti, huo ni uvamizi!"

"Ndiyo. Na tutaanzia kwako."

Makofi yaliyopigwa hapo juu ya mawe yalisikika mpaka zahanati, maana Mavaega alitoka nje kuuliza nani anaolewa.

Wakati kakao inachemka, Pelenatete alimsogelea mkwe wake kwenye moto, akamnong'oneza.

"Ulikata kwa kitu gani? Kingo zote zimekuwa kama meno ya papa."

"Mkasi wa samaki, mama."

"Wa samaki!" Alifumba macho kwa uchungu. "Miezi minne ya lesi. Ungeniambia ningekununulia mkasi Auckland."

Satuilagi ilibadilika, na haikuchukua hata miezi mitatu. Masanduku yalifunguliwa moja baada ya lingine. Jumatatu, bahari ikikupwa, ungeona mawe meusi yote ya ufukweni yamegeuka meupe, lesi na maua ya Auckland yakipigwa jua, na Aliitasi akiwa wa kwanza kisimani na sauti yake ya kengele, akiwakemea wanaochelewa. Baadhi ya mashuka yalichakaa. Yakakatwa vitambaa, vitambaa vikachakaa, na hakuna aliyevililia.

Nasema haya kwa ajili yako wewe mwenye watoto unayesoma umekaa. Nyanyuka. Nenda katazame ile taulo nyuma ya mlango, uulize imefuta watu wangapi tangu ilipoona sabuni. Funua foronya uinuse. Usingoje ziseme zenyewe, wala usingoje mgeni. Kama una shuka zuri umelitunza kwa ajili ya watu, watu hao ndio hao wanaolala kwako. Fuatino aliwahi kwa kidonda cha mbegu ya papai. Wako wanawake wasiowahi, na mimi nimewaona kwenye benchi la hospitali, na sitaki kukuona hapo.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata walikuja madaktari wa moyo katika hospitali ya wilaya. Fuatino alikwenda na Ianeta, na Pelenatete akajialika mwenyewe, amevaa gauni la kamati. Daktari kijana alimpaka mtoto mafuta baridi kifuani, akapitisha kile kifaa chao, akakodolea macho kioo. Fuatino aliutafuta uso wa daktari kama alivyoutafuta ule wa kwanza Apia. Muda ulikuwa mrefu vilevile.

"Amepata homa tena?" daktari akauliza.

"Hapana."

"Vidonda?"

"Hata kimoja. Tangu mwezi wa nane."

Daktari akageuza kioo wauone. Kulikuwa na kitu kinachofunguka na kufunga, kinafunguka na kufunga, kama samaki anayepumua.

"Ule mlango," akasema. "Haujalegea zaidi. Tena, mkitaka niseme kweli, unafunga vizuri kuliko ilivyoandikwa humu kwenye faili lake. Sindano zisisimame hata mara moja. Lakini nimeridhika. Nimeridhika sana."

"Anaweza kukimbia?" Fuatino akauliza. Ni swali alilokuwa hajathubutu kumwuliza mtu.

"Acha akimbie."

Ianeta hakungoja aambiwe mara ya pili. Aliteremka kitandani na mafuta yake kifuani, blauzi mkononi, akatoka mbio kwenye korido ndefu ya hospitali, nesi akipiga kelele nyuma yake, wagonjwa wakisogeza miguu. Alifika mwisho, akagusa ukuta, akageuka. Pelenatete alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la bluu, mikono juu, anampigia kelele kwa sauti ya kusikika nchi nzima:

"Tena! Tena, mjukuu wangu! Nenda tena!"